Besi ya Baba

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa kijana mmoja hapa Sumbawanga anifungie redio mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imebaki kusema upande mmoja tu. Kijana akang'oa dashibodi, akawasha chuma chake cha kuunganishia waya, na moshi mwembamba wa risasi iliyoyeyuka ukanipanda puani. Halafu akaniuliza, "Mama, unataka besi au unataka kelele?" Nikashindwa kumjibu. Swali halikuwa gumu. Ni ile harufu, risasi na gundi ya mbao na vumbi la siti kuukuu, ilinikuta sijajiandaa, na nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele ya mtoto wa watu. Nikaomba stuli, nikakaa.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Tumekua wakati gari lenye muziki wa maana lilijulikana mtaa mzima, na watu walilitambua kabla halijakata kona. Nami nawaambia mapema kabisa kwamba hapa nimekuja kujisifu. Namsifu baba yangu, namsifu bibi yangu kwa shingo upande, na nikipata nafasi nitajisifu na mwenyewe. Asiyependa majigambo aishie hapa, hatutagombana.

Baba alikuwa dereva. Aliendesha mchomoko, yale magari madogo ya abiria yenye mgongo mrefu, kati ya Sumbawanga na Namanyere, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, wakati barabara ile ilikuwa bado ya vumbi. Gari lilikuwa la rangi ya maziwa kwa asili, ingawa rangi hiyo tuliiona siku za kuoshwa tu. Lilikuwa gari la kazi na gari la nyumbani humohumo: Jumatatu linabeba abiria na madumu, Jumapili linatubeba sisi kwenda kanisani, na mgonjwa wa jirani akizidiwa linambeba na yeye. Lakini ukimuuliza baba kazi yake, hakusema udereva. Alikuwa akisema, "Mimi ni besi." Ndiyo, besi wa kwaya ya parokia. Nikiwa mdogo nilizoea kumwegemea ubavuni wakati wa Misa, na akianza kuimba nilimsikia kwa mbavu kabla sijamsikia kwa masikio. Akisalimia pale getini, mama jikoni alikuwa anajua hata amerudi na njaa kiasi gani.

Mtu mmoja tu hakuguswa na sauti hiyo, naye ni bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa anaishi Kate. Kwake yeye kila saa ya mazoezi ya kwaya ilikuwa saa ambayo mwanamume mwenye nguvu zake angekuwa anageuza udongo. Tukienda kumsalimia, hata shikamoo haijakauka, alianza: fulani amelima mpaka mtoni, fulani ameezeka bati, na wewe bado unaimba? Baba alicheka tu, kile kicheko chake cha chini, na bibi akamwambia asimtikisie vyungu.

Kisha shingo ya baba ikaanza kuvimba upande mmoja. Kwetu huku juu uvimbe wa shingo haukuwa jambo la kumshangaza mtu, kwa hiyo akajifunga skafu na kuendelea na safari zake. Wakati huohuo kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi albamu yake ya kwanza. Alikuja jamaa mmoja kutoka Mbeya na vipaza sauti na kompyuta yake, wakaimba ndani ya kanisa siku kadhaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi maana upepo wa Ufipa hauna adabu, unaingia hata kwenye wimbo. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao katikati yake wote wananyamaza, na besi mmoja anateremka peke yake, taratibu, mpaka chini kabisa, ndipo wengine wanampokea. Besi huyo alikuwa baba. Hayo mazoezi yalifanyika nyumbani kwetu mpaka mimi mwenyewe niliweza kuteremka, kwa sauti yangu ya mtoto, nikaishia njiani.

Haukupita muda, baba akapelekwa Mbeya kufanyiwa upasuaji. Uvimbe ukatoka, na ulikuwa si ule mbaya, tukamshukuru Mungu. Lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono mkavu, wa mtu anayekwambia siri wakati anakuomba chumvi tu. Daktari alisema wasubiri. Wakasubiri, na mnong'ono ukabaki mnong'ono.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilimsikia jirani akimwambia mama kwamba wamemtoa baba kitu kikubwa shingoni, nikajua kitu hicho ndicho sauti. Nikaamua kwamba wameiweka kwenye chupa yenye kifuniko, ndani ya kabati la hospitali, ikiwa na jina la baba, na kwamba siku moja ataruhusiwa kuifuata. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilidhani watu wazima wote wanajua na hawapendi kuliongelea.

Dereva asiye na sauti stendi hajazi gari, mnajua wenyewe. Wapiga debe walikuwa na magari yao waliyoyapenda, na la baba likaanza kuondoka na siti tupu. Basi Jumamosi na siku za likizo nikapanda juu ya kreti la soda mlangoni mwa gari na kuita: Chala, Namanyere, Chala, Namanyere, moja kwa moja. Mama hakupenda, akasema mtoto wa kike stendi hafundishwi jema. Baba akamnong'oneza kwamba bora mmoja wetu apige kelele. Hapo ndipo sauti yangu ilipotengenezwa, na hata sasa nikimwita mtu sokoni wanageuka na wasiohusika.

Albamu ikatoka. Ikapigwa salunini, ikapigwa mashineni kwa wasaga unga, ikapigwa kwenye harusi. Siku tuliyoileta nyumbani tulikaa kuizunguka redio yetu ndogo, baba ameinama, na ulipofika wimbo ule akainua kidole kutuonyesha kwamba sasa anaingia. Sauti zote zikanyamaza. Halafu kukawa na mkwaruzo mdogo, wa karatasi kavu, kisha kimya, kisha wengine wakaanza tena. Baba akarudisha. Akainua kidole tena, na tena hakuingia mtu. Mama akasema kwa upole kwamba labda betri zimechoka, na sote tulijua betri ni mpya.

Ikawa hivyo kila redio. Wanakwaya wenzake walijua ameimba, lakini mtaani wakaanza kuulizana ule wimbo wenye shimo katikati ni wa nini. Shuleni mtoto mmoja akaniambia baba yangu alikuwa anafungua mdomo tu, tukapigana, na sikushindwa. Bibi ndiye aliyemaliza. Tulimpelekea redio na wimbo huko Kate, akasikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono, akasema, "Miaka yote hiyo ya mazoezi, na wewe humu ndani humo."

"Nimo, mama," baba akanong'ona. "Redio ndiyo ndogo."

"Redio ni redio," bibi akajibu, akaingia ndani kutuletea chakula.

Sijui kama yeye aliona uso wa baba. Mimi niliuona. Kuanzia siku hiyo baba alikuwa na jambo moja tu kichwani: gari lake lifungwe muziki unaoweza kuiteremsha sauti mpaka pale alipoiteremsha yeye.

Alikuwa na rafiki yake, Deo, fundi umeme wa magari aliyekuwa na kibanda nyuma ya stendi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Deo akamwambia sauti nene haitoki kwenye spika ndogo hata uichape viboko. Inahitaji spika ya besi, inahitaji amplifaya ya kuisukuma, na spika yenyewe inahitaji boksi lake, gumu, lisilopitisha hewa, maana bila boksi inabaki kulia kama sinia. Vifaa viliagizwa Tunduma kwa dereva wa lori, vya mtumba, vikaja ndani ya gunia. Mama alipoviona alikumbusha kuhusu paa la jikoni linalovuja. Baba akamwita uani, akamnong'oneza kwa muda mrefu. Mama aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu, akachukua blanketi lake mwenyewe, lile zito la majira ya baridi, akaifunga ile spika na kuisukuma chini ya kitanda changu. Baada ya hapo ole wake mtu aliyesema neno kuhusu spika mbele ya mama.

Boksi liliagizwa Kate, kwa kuwa huko kulikuwa na seremala mzuri na mninga mzuri. Deo alipima buti la gari kwa kamba, baba akapeleka vipimo: boksi zito, limefungwa pande zote, lina tundu kubwa la duara juu kwa ajili ya spika, na tundu dogo ubavuni la kupumulia. Seremala alipomaliza akasema mbao zipumzike kwanza wiki chache chini ya paa kabla hazijabebeshwa kitu. Baba alikuwa safarini, kwa hiyo seremala akalibeba mwenyewe mpaka kwa bibi, akamwambia tu kwamba hili ni boksi aliloagiza mwanao, akaenda zake.

Sasa nieleweni. Bibi alikuwa amemsumbua baba miaka na miaka amtengenezee kitu cha kutunzia mbegu ya ulezi, kwa sababu panya walikuwa wanamtafuna mpaka roho. Mbegu ile aliipokea kwa mama mkwe wake, alikuwa anaichagua suke kwa suke, na hakuwahi kupanda ya dukani. Na sasa mavuno yametoka tu kupurwa, mbele yake kumeletwa boksi la mninga lisilo na hata ufa wa kupitisha sindano, tundu kubwa la kumiminia, tundu dogo la kutolea. Wewe ungefikiri nini?

Tulifika Jumapili iliyofuata tukamkuta amevaa kitenge kipya. Akamshika baba mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akatupeleka jikoni. Boksi lilikuwa limekaa karibu na moto, mahali pa heshima, limejaa ulezi mpaka juu. Tundu kubwa alikuwa ameliwekea kibao, na pembeni akaziba kwa udongo uliokandwa na majivu, na tundu dogo kadhalika. Wanawake wawili wa jirani walikuwepo, wameitwa waone. Bibi akawaambia kwamba huyu mwanangu nimemsema sana, nimemsema kwa kila mtu, lakini tazameni alichoniletea.

Baba alisimama akilitazama boksi. Nikangoja aseme. Mimi nilijua boksi ni la nini, mama alijua, na mdomo ulikuwa unaniwasha. Baba akaweka kiganja chake begani kwangu, kikakaa hapo kwa uzito, akamnong'oneza bibi, "Ukilitunza vizuri, litadumu."

Njiani nikamuuliza kwa nini hajasema. Akasimamisha gari kabisa, maana mnong'ono wake haukuushinda mlio wa injini, akasema, "Zita, tangu nizaliwe leo ndiyo siku ya kwanza mama yangu amejivunia mimi mbele ya watu. Nimwambie nini?" Mama akasema basi atengeneze jingine. Lakini pesa za kutengenezea jingine zilikuwa zimeishia kwenye lile la kwanza, na wote tulijua. Kulifungua haikuwezekana, kwa sababu bibi alikuwa na sheria yake: mbegu ikishafungwa haifunguliwi mpaka mvua ya kupandia, na hakuna aliyewahi kumwona akiivunja. Mvua ilikuwa mbali. Baridi ya mwezi wa sita haikuwa hata imeanza.

Ikaanza, ikatutafuna, ikafuatiwa na ule upepo unaobeba vumbi kutoka mashamba matupu. Baba aliendesha gari lake kimya kwenda Namanyere na kurudi kimya. Spika ililala chini ya kitanda changu imefunikwa vizuri kuliko mimi. Deo alikuwa akiniona stendi ananiuliza kama ulezi haujaota. Mimi sikucheka, kwa sababu kichwani mwangu mambo yalikuwa yamepangika vibaya mno. Niliamini kwamba boksi lile ndiyo nyumba ya sauti ya baba, kwamba ikitolewa kwenye chupa huko Mbeya italetwa ikae humo, na sasa wakiileta watakuta nyumba imejaa ulezi mpaka mlangoni. Watairudisha, na safari hii hawataleta tena.

Likizo ya mwezi wa nane nikaachwa kwa bibi. Kila akienda kisimani niliingia jikoni, nikaweka sikio kwenye boksi, na pale penye udongo uliokwanyuka kidogo nikaweka mdomo na kuongea humo ndani, nikieleza kwamba ulezi utatoka, wasubiri. Siku moja bibi akarudi mapema. Akasimama mlangoni na ndoo kichwani, akaniuliza naongea na nani.

Nikamwaga kila kitu. Chupa, kabati, Mbeya, spika chini ya kitanda, blanketi la mama, na kwamba amemjaza baba ulezi na sasa sauti haitakuwa na pa kukaa. Nilikuwa nalia, na mnajua tayari kilio changu kina ukubwa gani. Bibi akatua ndoo. Nilitegemea anicheke au anichape. Akavuta kigoda akakaa.

"Baba yako alisema boksi ni la nini?"

"La muziki. La kumtoa kwenye redio, ili asikike."

"Kwa nini hakuniambia siku ile?"

"Kwa sababu ulikuwa umeshafurahi," nikasema.

Bibi akainuka, akachochea moto. Akapika, tukala, akaniambia nikalale.

Baba aliponifuata Jumamosi, boksi lilikuwa uani, juani, tupu, limepanguswa kwa mafuta mpaka mninga unawaka. Ulezi ulikuwa umerudi kwenye mitungi ya zamani, ile ambayo panya waliijua njia, na bibi alikuwa ameizungushia miiba. Wanawake walewale wa jirani walikuwepo, wameshika viuno, wanauliza imekuwaje mbegu ifunguliwe wakati hata mawingu hayajaonekana. Bibi akasema kwa sauti ya kutosha nyumba zote kwamba boksi ni lake, hajampa mtu, anamwazima mwanawe kwa sababu ana shida nalo, na mwenye swali alilete. Hakuna aliyelileta. Baba akanitazama, mimi nikatazama kuku. Akaliinua lile boksi zito peke yake na kulipakia, na bibi akamfokea asilikwaruze.

Jumamosi iliyofuata Deo alilifunga. Gari zima lilivuliwa nguo: siti nje, mazulia nje, milango imeachwa wazi, na nusu ya stendi imekuja kutazama. Waya mnene ukatoka kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, ukapita chini ya zulia la upande mmoja mpaka nyuma. Spika ikatolewa kwenye blanketi, ikaingia kwenye tundu lake kana kwamba ilizaliwa humo, ikakazwa kwa skrubu, Deo akiunganisha waya kwa risasi na moshi ukitambaa mbele ya pua yangu. Baba alipowasha injini kukatoka mluzi mkali uliopanda kila alipokanyaga mafuta. Watu wakacheka. Deo akafungua zulia lote upya, akahamishia waya wa sauti upande wa pili, akaikwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa ndipo akafunga waya wa hasi. Mluzi ukafa. Akapiga wimbo wake mmoja wa mjini wa kujaribia, na punje za ulezi zilizokuwa zimejificha ndani ya boksi zikaruka kwenye lile tundu dogo na kumwagikia mikono yake. Hapo hata baba alicheka, bila sauti, mabega yakitikisika.

Deo akamwambia aweke kwaya sasa. Baba akakataa. Akatoa mfukoni flashi yenye albamu, akaitazama, akairudisha. Deo akashangaa: kazi yote hii, hutaki hata kujaribu? Nilikuwa karibu, nikamsikia baba akimjibu.

"Yule aliyerekodi aliweka vipaza sauti vyake karibu na soprano. Huenda kweli simo. Kama simo, nataka nijue mara moja tu, na mama awepo, maana yeye ndiye alisema."

Ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kumbe baba mwenyewe hakuwa na uhakika. Aliuza usingizi wake, akangoja baridi yote ile, na hakujua.

Jumapili baada ya Misa tukaenda Kate. Bibi alikuwa anatungoja nje amevaa kitenge chake kipya. Baba akamfungulia mlango wa mbele, bibi akakaa kama anayekwenda mjini, mkoba mapajani. Mama alikaa nyuma. Mimi nilikataa kukaa, nikasimama nje dirishani kwa bibi. Baba akachomeka flashi.

Kinanda kikaanza. Soprano wakaingia, safi, halafu alto, halafu wanaume wa teno. Majirani wakaanza kusogea, na wale wanawake wawili mbele. Wimbo ukapanda, ukafika pale. Safari hii baba hakuinua kidole. Alishika usukani kwa mikono miwili gari likiwa limesimama. Wote wakanyamaza.

Na baba akaingia.

Aliingia kwa kupitia mlango niliouegemea, akanipitia mbavuni. Alianza juu, hana haraka, akateremka, akateremka tena, kila ngazi imekamilika, mpaka chini kule ambako hakuna redio iliyowahi kumfuata, na akasimama huko bila kutetereka. Bibi aligeuka ghafla kutazama siti ya nyuma, akamkuta mama peke yake, na punje za ulezi zinamrukia mgongoni. Nikamtazama baba. Mdomo wake ulikuwa unaenda, shingo yenye kovu inapanda na kushuka, hakitoki kitu, na sauti ileile inatoka nyuma yake. Hapo ndipo chupa ya Mbeya ilipovunjika kichwani mwangu. Hakuna mtu aliyekuwa ameifungia sauti kabatini. Ilikuwa humu wakati wote, tulikuwa tumekosa tu pa kuisikilizia. Nilijivuna siku ile mpaka nikahisi nimerefuka, na sijafupika tangu hapo.

Wimbo ukaisha. Watu wote wakamtazama bibi. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo, uso mkavu, mkoba ameubana.

"Rudisha," akasema. "Sijasikia vizuri."

Baba akarudisha. Ukapita wote, na pale akateremka tena, na mwanamke mmoja wa jirani akaweka mkono kifuani. Bibi akasikiliza bila kutikisika. Ulipoisha akasema bado, arudishe. Baba akarudisha. Jasho lilikuwa linamtoka. Watu walizidi kuja, wengine na majembe, wakiulizana ni nani anayeimba huko chini, na waliojua wanawajibu wasiojua, na jina la baba linapita kutoka mdomo hadi mdomo. Bibi akasema arudishe tena, eti masikio yake ni ya uzee. Nilikuwa najua masikio yake yanasikia panya akikanyaga jivu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaingiza kichwa dirishani na kumwambia, kwa mnong'ono mkubwa kadiri ninavyoweza kunong'ona, kwamba bibi, yumo, mbona anasikika kabisa, kwa nini humwambii?

Bibi akanishika sikio, akanivuta mpaka mdomo wake ukanigusa. Shavu lake lilikuwa limelowa.

"Najua yumo," akasema. "Nimemsikia tangu ya kwanza. Mwache aimbe."

Baba akarudisha mwanzo.